Goti langu likatwe na roboti?

SWALI: Daktari, nina miaka 67. Goti la kulia limesagika, nasali nimekaa kwenye kiti. Mwanangu anataka kunipeleka India nikafanyiwe upasuaji wa roboti. Naogopa kukatwa na mashine. (Mama, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Roboti haikati peke yake. Kwenye mfumo kama Mako, roboti ya kubadilishia goti, unapigwa kwanza CT skani (picha za ndani za mfupa), kompyuta inalichora goti lako, daktari anapanga mfupa uondolewe kiasi gani. Siku yenyewe msumeno anaushika yeye. Mkono wa mashine unamzuia asivuke mpaka. Goti utakalowekewa ni lilelile la chuma na plastiki ngumu.

Kwa roboti, vipimo vya kukata mfupa hutoka sahihi zaidi, ndiyo. Lakini kwenye maumivu na kutembea, tafiti hazijaonyesha tofauti kubwa na upasuaji wa kawaida. Mimi ningeuliza kwanza daktari mwenyewe ameshabadilisha magoti mangapi.

Kiti cha kusalia usikigawe. Wengi hawawezi kupiga magoti vizuri hata wakipona. Mazoezi nayo yanauma kwelikweli, na utasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Kama una kisukari, kidhibitiwe kabla ya safari: bakteria wakishaingia kwenye goti la chuma, huenda likafunguliwa upya.