Mtuhumiwa, mshtakiwa au mhalifu?

SWALI: Nimefuatilia kesi ya Hathras huko India, ya binti wa Kidalit aliyeshambuliwa mwaka 2020. Gazeti moja liliwaita wanaume wanne "watuhumiwa", jingine "washtakiwa", la tatu "wahalifu". Yote yalisema binti alikuwa wa "kabila la chini". Lipi ni sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nianze na hilo la kabila, maana ndilo linalopotosha zaidi. Sheria ya India ya mwaka 1989 ya kuzuia ukatili inalinda mafungu mawili: matabaka yaliyoorodheshwa na makabila yaliyoorodheshwa. Ukimweka Mdalit kwenye "kabila", umemtoa katika fungu lake, lile la matabaka. Wadalit wapo wanaosema Kihindi, Kimarathi, Kitamil, kila mtu na lugha ya jirani zake. Kinachowakutanisha ni kuzaliwa katika matabaka yaliyohesabiwa kuwa najisi, ya watu wasioguswa, jambo ambalo katiba ya India ilikwisha kulipiga marufuku. Basi andika "tabaka". Na hilo "la chini" naliogopa: ukilisema kwa kauli yako, umemkubalia anayemdharau. "Tabaka linalobaguliwa" ni kweli na linatosha.

Majina ya wale wanaume yafuate hatua ya kesi. Mtu anayechunguzwa ni mtuhumiwa. Wakenya hupenda "mshukiwa". Akisomewa mashtaka ni mshtakiwa. "Mhalifu" lingoje hukumu. Machi 2023 mahakama ya Hathras ilimtia hatiani mmoja, kwa kuua bila kukusudia na kwa kuvunja sheria ile ya 1989, akapewa kifungo cha maisha. Watatu waliachiwa huru. Anayeandika leo "wahalifu wanne wa Hathras" anawachafulia majina watu watatu ambao mahakama haikuwaona na hatia.

Hukuuliza juu ya "anadaiwa", lakini siwezi kulipita, kwa sababu hapo ndipo waandishi wanapomuumiza mtu mara ya pili. Tazama: "binti anayedaiwa kuuawa". Binti huyu alifariki hospitalini Delhi tarehe 29 Septemba 2020, wiki mbili baada ya kushambuliwa. Kifo chake hakidaiwi, kipo. Mahakamani walibishania nani alifanya nini. Sema "wanaume waliodaiwa kumshambulia", shaka ikae kwa mshtakiwa, ambako sheria imeiweka kwa haki, isimwangukie marehemu.

Uangalifu huohuo unatakiwa kwenye "mauaji ya kitabaka". Kijijini Khairlanji, jimbo la Maharashtra, watu wanne wa familia moja ya Kidalit waliuawa mwaka 2006. Mwaka 2008 mahakama iliwatia hatiani watu wanane kwa mauaji, lakini si kwa kuvunja sheria ya 1989: mahakama haikuridhika kwamba tabaka ndiyo sababu. Wadalit wengi walilipinga hilo kwa uchungu, na uchungu wao ni habari ya kuandikwa. Ila mtaje anayesema: "wanaharakati wanasisitiza kuwa waliuawa kwa ajili ya tabaka lao". Kwamba waliouawa walikuwa Wadalit, hilo liandike wazi bila "inadaiwa".