Jibu: Maktaba ya kujitolea na mkono wa kaunti

Umeuliza, ndugu yangu, kama sisi wa maktaba za mtaa tuna haki ya kuidai kaunti msaada au tunaomba hisani tu. Si hisani. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, inataja maktaba waziwazi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Anza barua yako hapo.

Ila usiende kuomba pesa taslimu. Sisi tulifanya hivyo tukazungushwa mwaka mzima ofisi hadi ofisi. Tulipobadilisha ombi likawa chumba, umeme na mlinzi, mambo yakasonga, kwa sababu kaunti tayari ina kumbi za kijamii ambazo hukaa zimefungwa wiki nzima.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1 ya mwaka unaotangulia. Ukingoja hadi Juni umechelewa. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya umma mkiwa wengi, na daftari la wasomaji mkononi. Mwakilishi wadi akiona majina ya watoto wa wadi yake mle ndani, atasikiliza.

Na tafadhali, mwandikiane makubaliano na kaunti: vitabu ni vya nani, funguo anashika nani, uchaguzi ukibadilisha viongozi itakuwaje. Kikundi kiwe kimesajiliwa kwanza, la sivyo hakuna wa kutia sahihi.