Gari Yangu, Usukani wa Mwengine: Bima Inasemaje?

Msimu wa harusi umeingia, na maswali ya wiki hii karibu yote ni ya gari za kuazimana. Nimeyafupisha, lakini maana yake sikuigusa.

Ami, nina bima kubwa. Ijumaa shemegi anaitaka gari yangu kubebea watu wa harusi, Fuoni mpaka Mkokotoni. Akigonga, nitalipwa au nitaambiwa dereva si mimi? (Bi wa Fuoni)

Bima inaifuata gari, haimfuati mtu. Mikataba mingi ya bima kubwa, ile inayolipa na gari yako mwenyewe, inamkubali dereva yeyote uliyemruhusu mwenyewe, alimradi ana leseni hai ya daraja la gari ile. Lakini mingi si yote. Itoe karatasi ya mkataba kabatini (stika peke yake haitakwambia kitu) utafute pale palipoandikwa madereva wanaoruhusiwa. Ukikuta jina lako na la mumeo tu, basi shemegi apande daladala. Angalia pia kama dereva kijana, au mwenye leseni changa, anakuongezea kile kiasi unachokatwa wewe kabla ya kampuni kulipa. Mara nyingi kinaongezeka.

Na kabla hujampa ufunguo, mwambie akuoneshe leseni. Najua tunavyooneana haya. Mtu wa nyumbani utamuulizaje? Mimi niliona haya mara moja. Binamu yangu aliichukua gari kwenda Darajani kununua mchele, akairudisha bonati imekunjika na taa ya mbele inaning'inia kwa waya. Nilipokwenda kudai, karani alinisogezea fomu, akaweka kidole: jina la dereva, nambari ya leseni, tarehe ya kumalizika. Tarehe ilishapita miezi mitatu. Hakusema neno, alifunika kalamu yake tu. Bonati na taa nililipa mwenyewe, na mchele sikuonjeshwa.

Yangu ni bima ndogo. Rafiki akiupiga ukuta wa watu? (Msomaji, Wete)

Mwenye ukuta atalipwa, kwa kiwango cha mkataba. Gari yako utaitengeneza mwenyewe, awe ameendesha rafiki au wewe. Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na sheria, na imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule uliyemtia hasara. Ila kwanza hakikisha stika yenyewe ni ya kweli: nambari yake inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ni kazi ya dakika mbili.

Mwanangu hana leseni, lakini jioni namuachia aizungushe gari mtaani apate kuzoea. Pana ubaya? (Baba wa Mwanakwerekwe)

Upo. Gari ikiharibika, dai lako litakataliwa, hilo usilitilie shaka. Zito zaidi ni akimgonga mtu. Kampuni inaweza kubanwa na sheria imlipe majeruhi, maana yeye hakukosa kitu, kisha ikageuka kukudai wewe fedha zile zile, kwa kuwa ulimpa usukani mtu unayejua hana leseni. Hapo tena hatuzungumzi bonati. Tunazungumza mguu wa mtu, au roho yake, na wewe unauza kiwanja. Mkatie leseni ya kujifunzia, umpeleke kwa mwalimu wa udereva. Gari za skuli za udereva zinakatiwa bima ya kazi hiyo.

Keri yangu, gari ndogo ya mizigo, nimeikatia bima ya matumizi binafsi. Msimu wa karafuu kijana wangu, mwenye leseni safi, anabeba magunia ya watu kwa malipo mpaka kituo cha ZSTC, shirika linalonunua karafuu. Si sawa tu? (Msomaji, Chake Chake)

Kijana hana tatizo, tatizo ni kazi. Ukishapokea nauli au malipo ya mzigo, gari imeshakuwa ya biashara, na bima ya binafsi haiijui biashara hiyo. Ni hivyo hivyo kwa anayemshusha mgeni Nungwi kwa gari ya nyumbani akalipwa. Mwambie wakala wako kabla ya msimu. Utaongeza fedha, lakini utabeba magunia kwa raha.

Nimeuza gari, mnunuzi anaendesha, kadi bado jina langu. Bima yangu inamlinda? (Bwana wa Bububu)

Usiitegemee. Bima inaifuata gari ikiwa bado ni yako; haihami kwa mnunuzi pamoja na ufunguo. Badilisheni kadi, naye akate bima yake. Kabla ya hapo, likitokea la kutokea, mlango utakaogongwa ni wako.

Mgeni kutoka Ulaya anaweza kuendesha gari yangu kwa leseni ya kwao? (Dada wa Paje)

Leseni ya kwao peke yake haitoshi. Awe na leseni ya kimataifa au kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar. Bila ya hivyo trafiki atamsimamisha, na kampuni itapata sababu ya kukataa dai. Vipige picha vibali vyake uviweke kwenye simu yako, halafu mkumbushe kwamba huku tunapita kushoto.