Maswali ya Wasomaji: Fizikia kwa Mtoto Asiyejua Kusoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 8. Fizikia niliisoma sekondari kwa kukariri kanuni, na mtihani ulipokwisha nayo ikatoweka. Sasa wanangu wananiuliza kwa nini jiwe huzama na meli kubwa haizami, nami nikianza habari za densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, hawachelewi kukimbilia michezo yao. Je, nisubiri wakue, au kuna njia ya kuanza sasa?

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri. Mtoto wa miaka 5 tayari anayo fizikia yake: mpira ukirushwa juu, hukimbilia mahali utakapoangukia kabla haujafika, na hesabu hiyo hakufundishwa na mtu. Anachokosa ni maneno, na pia baadhi ya mambo anayoyaamini si kweli, ingawa katika hayo hata sisi watu wazima tumo. Kwa hiyo maelezo yatangulie kidogo iwezekanavyo. Mwulize kwanza anadhani kitatokea nini, mwache aseme bila kumsahihisha, kisha mtazame pamoja. Istilahi ya kitabuni ije mwisho kabisa, au isije siku hiyo.

Tuanze na meli yenu. Jihadhari na jibu jepesi kwamba vitu vizito huzama, kwa sababu gogo huelea na msumari huzama, na mtoto atakayekuamini leo atalazimika kulifuta jibu hilo kesho. Chukua tonge la udongo laini wa kuchezea, ule usioyeyuka majini, ulitumbukize katika beseni, nalo litazama. Litoe, ulifinyange liwe bakuli jembamba, uliweke juu ya maji taratibu: sasa linaelea, na hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kisha mpe mtoto bakuli tupu la plastiki alisukume chini kwa kiganja, mdomo wake ukiwa juu. Atahisi maji yakimrudisha, na kadiri bakuli linavyozama ndivyo msukumo unavyozidi. Huyo wa miaka 8 unaweza kumwambia kuwa msukumo huo ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando, jambo ambalo Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Huyo wa miaka 5 yanamtosha aliyoyahisi kiganjani.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la barafu. Weka sufuria ya alumini na ubao wa kukatia mboga mezani kwa saa kadhaa, kisha waambie watoto waviguse. Watasema sufuria ni ya baridi na ubao una joto kidogo. Waonyeshe vipande viwili vya barafu vilivyo sawa, uwaulize: kipi kitayeyuka kwanza, cha juu ya sufuria au cha juu ya ubao? Karibu kila mtoto atachagua ubao, na wazazi wengi pia, kwa hoja inayoonekana haina dosari kwamba penye joto ndipo barafu huyeyuka upesi. Viwekeni, mketi, mtazame. Kilicho juu ya sufuria huanza kutoa maji karibu papo hapo, huku cha juu ya ubao kikibaki na kingo zake.

Hapo usiharakishe kueleza. Waache wabishane, wageuze vipande, waguse tena. Ukweli ni kwamba vyombo vyote viwili vina halijoto ileile ya chumba. Tofauti ni kwamba alumini hupitisha joto kwa wepesi mno kuliko mbao. Ukiigusa, huchukua joto la kidole chako haraka, nawe ukahisi baridi. Ukiweka barafu, hupeleka joto kwenye barafu haraka vilevile. Lugha yetu nayo hutupotosha kidogo, maana tunasema baridi imeniingia, ilhali kinachotokea ni joto letu kututoka.

Dakika kumi zinatosha kwa siku moja. Maji ya beseni yamwagwe mara mnapomaliza, na sumaku ndogondogo zisiwe katika michezo hii hata kidogo, kwa kuwa mtoto akimeza zaidi ya moja zinaweza kunasana ndani ya utumbo na kumdhuru vibaya.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 aliniuliza kwa nini mwezi hauanguki. Nilimjibu kwamba kule juu hakuna uvutano. Je, nilikosea?

JIBU: Ulikosea, ndugu yangu, lakini kosa hilo linarekebishika. Kama uvutano wa dunia usingefika mwezini, mwezi ungekwenda zake kwa mstari ulionyooka wala usingetuzunguka. Fungeni mpira laini kwenye kamba, mtoke nje, mtoto auzungushe juu ya kichwa, nawe umwulize utakwenda wapi akiachia. Wengi hudhani utakimbia moja kwa moja kutoka kwake kuelekea nje. Kumbe hufuata mwelekeo uliokuwa nao wakati ule ule wa kuachiwa. Mwezi nao, ulio umbali wa kilomita 384,000 hivi, husafiri upande takriban kilomita moja kila sekunde na papo hapo huanguka kuelekea kwetu, ndiyo maana njia yake hupinda daima na huikamilisha kwa siku 27 na kitu. Mwambie wazi kuwa jibu lako la kwanza halikuwa sahihi. Akiuliza kamba ya mwezi iko wapi, mtajie sasa neno uvutano, kwa kuwa kazi yake amekwisha kuihisi mkononi.