Miundo ya data kwa kalamu na karatasi: maswali yenu, majibu yetu

Mitihani ya muhula imekaribia na maswali yanayotufikia yanafanana: msimbo unaandikwa kwa mkono, kompaila (programu inayoutafsiri msimbo kwa lugha ya mashine) haipo, na saa haimsubiri mtu. Tumechagua saba. Mifano ni ya lugha ya programu ya C kwa sababu wengi waliouliza wanasoma kwa lugha hiyo.

Nimepitia mitihani ya miaka mitano nyuma pamoja na majibu yake, na kila jibu nalielewa. Nikipewa karatasi tupu, mkono unaganda. Kwa nini? (Mwaka wa pili, Dodoma)

Kwa sababu umekuwa ukisoma majibu, hujayatoa. Jibu lililo mbele ya macho huonekana jepesi maana maamuzi magumu yameshafanywa na mwingine: pointa (vigeu vinavyoshika anwani za data) ngapi zinahitajika, lupu isimame wapi, orodha tupu ishughulikiwe lini. Mtihani unapima maamuzi hayo hayo.

Chukua swali moja, funga madesa, jiwekee dakika 25. Andika msimbo mzima kwa kalamu, hata kama unaona kabisa kwamba ni mbovu. Muda ukiisha usifungue jibu lote. Lifunike kwa karatasi, teremsha hadi mstari uliokukwamisha, usome huo mmoja, ufunike tena na uendelee. Baada ya siku mbili lirudie swali lilelile kuanzia karatasi tupu. Likikushinda tena, bado si lako. Maswali matatu kwa siku kwa mtindo huu yanatosha. Anayejisifu kwamba amemaliza kumi na tano kabla ya chakula cha mchana, ameyasoma tu.

Kila msimbo uupitishe kwa mkono kwenye majaribio manne: data tupu, kitu kimoja, vitu viwili, na vitu vinavyojirudia. Mawili ya kwanza ndiyo yanayofichua makosa mengi, na ndiyo yanayorukwa.

Maswali ya "programu hii itachapisha nini?" yananimaliza, hasa fankisheni inayojiita yenyewe. Naanza vizuri, katikati napotea. (Morogoro)

Unapotea kwa sababu unataka kushika yote kichwani. Hata mashine haifanyi hivyo. Kila fankisheni inapoitwa hutengewa fremu yake kwenye staki (kumbukumbu inayopangwa kama rundo), yenye vigeu vyake na mahali pa kurejea. Chora fremu hizo kama visanduku, kimoja juu ya kingine. Fankisheni ikirejea, kata kisanduku cha juu kwa mstari mmoja, usikifute. Msahihishaji akiona ulikopita anaweza kukupa alama hata kama jibu la mwisho limeteleza.

Tuchukue hii, ambayo watunzi wanaipenda kwa sura mbalimbali:

void p(int n) {
  if (n == 0) return;
  p(n - 1);
  printf("%d ", n);
  p(n - 1);
}

Ukiita p(3), jibu ni 1 2 1 3 1 2 1. Anayeandika 1 2 3 amesahau kwamba mwito wa pili nao unaanza safari nzima upya. Badala ya kushuka kutoka 3, panda kutoka chini: p(1) inachapisha 1, p(2) ni p(1), kisha 2, kisha p(1), yaani 1 2 1, p(3) ni mfululizo huo, kisha 3, kisha mfululizo huo tena. Mistari mitatu, umemaliza. Mtunzi akiufuta mwito wa pili, jibu ni 1 2 3. Akiufuta halafu akapandisha printf juu ya mwito uliobaki, ni 3 2 1. Zifanye zote tatu kwa mkono hadi tofauti uione bila kuhesabu.

Njia hiyo ya kupanda inasaidia pia mtu akikuuliza fankisheni imeitwa mara ngapi. Kwa Fibonacci ya kawaida, ambapo f(n) hujumlisha f(n-1) na f(n-2), na f(0) na f(1) hurejea moja kwa moja, idadi ya miito ya f(n) ni 1 ya f(n) yenyewe, ukijumlisha miito ya f(n-1) na ya f(n-2). Kuanzia f(0) utapata 1, 1, 3, 5, 9, 15. Kwa hiyo f(5) inasababisha miito 15. Wanaojibu 5 wamehesabu kina cha staki, ambalo ni swali jingine kabisa.

Nikipachika nodi katikati ya orodha unganishi, programu inazunguka bila kukoma. Msimbo una mistari miwili tu! (Mombasa)

Mistari miwili, lakini ina mpangilio. Tunadhani umeandika hivi, p ikielekeza nodi ya kabla, mpya ikielekeza unayoipachika, na next ikiwa kiungo cha kwenda nodi inayofuata:

p->next = mpya;
mpya->next = p->next;

Mstari wa kwanza umeshabadilisha p->next kuwa mpya. Wa pili unaposoma p->next unaikuta mpya, hivyo nodi mpya inajielekeza yenyewe. Mkia wote wa orodha umepotea, na lupu ya kuchapisha itabaki palepale milele. Geuza: kwanza mpya->next = p->next, ndipo p->next = mpya. Kanuni ya kushika ni kwamba nodi mpya ishike mkia kabla ya nodi ya zamani kuuachia.

Kugeuza orodha nzima nyuma mbele kunahitaji pointa tatu: nyuma, sasa na mbele. Ndani ya lupu hatua ni nne, na hakuna inayoruhusiwa kuruka foleni: mbele = sasa->next; sasa->next = nyuma; nyuma = sasa; sasa = mbele. Lupu ikiisha, kichwa kipya ni nyuma, si sasa, maana sasa imeshakuwa NULL, yaani haielekezi popote. Kosa hilo la mwisho ni dogo lakini linarejesha orodha tupu.

Unapofanya mazoezi, chora visanduku na mishale, na kwa kila mstari wa msimbo usogeze mshale mmoja tu. Ukijikuta unasogeza miwili kwa mstari mmoja, umeanza kuchora unachotamani, si ulichoandika.

Kwenye mti wa AVL nazungusha kama tulivyofundishwa, lakini mti haukai sawa. (Mwaka wa pili, Kampala)

Mti wa AVL huweka ndogo kushoto na kubwa kulia, na urefu wa pande mbili za nodi yoyote hautakiwi kutofautiana kwa zaidi ya 1. Ingiza 30, kisha 10, kisha 20. Hapo 30 ni mzizi, 10 yuko kushoto kwake, na 20 ni mtoto wa kulia wa 10. Upande wa kushoto wa 30 umezidi kwa 2, na mwanafunzi huzungusha 30 kwenda kulia mara moja. Matokeo yake: 10 anakuwa mzizi, 30 kulia kwake, na 20 anahamia kushoto kwa 30. Sasa kulia ndiko kulikozidi kwa 2. Umeuhamisha ugonjwa, hujautibu.

Kabla ya kuzungusha, tazama njia kutoka nodi iliyoharibika kwenda kwenye nodi uliyoingiza, hatua mbili za kwanza. Zikiwa za upande mmoja, kushoto-kushoto au kulia-kulia, zungusha mara moja. Zikipinda, kama hapa kushoto kisha kulia, nyoosha kwanza: zungusha 10 kwenda kushoto, 20 apande juu yake, ndipo uzungushe 30 kwenda kulia. Mzizi unakuwa 20, na 10 na 30 pembeni. Kwenye karatasi chora mti mara tatu: kabla, baada ya kunyoosha, na mwisho. Andika tofauti ya urefu kando ya kila nodi, kila mara. Inachosha, lakini bila namba hizo utaikosa nodi iliyoharibika. Ukiingiza kipya, anza kwenye jani ukipanda juu, na ya kwanza kufikia 2 au -2 ndiyo ya kushughulikia.

Jedwali la heshi: nikifuta kitu, vitu vingine ambavyo sijavigusa havionekani tena. (Nairobi)

Jedwali la heshi hukokotoa nafasi ya kitu kutokana na thamani yake. Chukua jedwali la nafasi 7, kuanzia 0 hadi 6, na heshi iwe k mod 7, yaani baki la k ikigawanywa kwa 7. Mgongano ukitokea, songa nafasi moja mbele. Ingiza 10, 17, 3 na 5. Kumi inakaa nafasi ya 3. Kumi na saba nayo inataka 3, inasogea 4. Tatu inajaribu 3, 4, inakaa 5. Tano inataka 5, imekuta mtu, inakaa 6. Majaribio ni 1, 2, 3 na 2, jumla 8. Mtihani hupenda kuuliza jumla hiyo.

Sasa futa 17 na uache nafasi ya 4 wazi kabisa, kisha tafuta 3. Utaanza nafasi ya 3, utakuta 10, utasogea 4, utakuta pako wazi, na algoriti itasema 3 haimo. Imo, nafasi ya 5. Utafutaji husimama kwenye nafasi ambayo haijawahi kutumika, kwa hiyo iliyofutwa haipaswi kuonekana hivyo. Iwekee alama ya "kilifutwa": anayetafuta anaipita, anayeingiza anaweza kuitumia. Kwenye jibu la karatasi ichore alama hiyo waziwazi, herufi F inatosha.

Lupu ndani ya lupu, moja inaongezeka maradufu. Si ni n log n? (Mwanza)

Swali ni idadi ya hatua inakuaje n ikikua. Inategemea lupu ya ndani inaishia wapi, na hapo ndipo mtego ulipo. Ya nje ikienda i = 1, 2, 4, 8 ikiwa chini ya n, na ya ndani ikikimbia hadi n kila mara, ni n log n. Kwa n = 16 ni raundi 4 za hatua 16, yaani 64. Lakini ya ndani ikiishia kwenye i, jumla ni 1 + 2 + 4 + 8 = 15. Jumla ya namba zinazojirudufu namna hiyo haifiki 2n, kwa hiyo jibu ni O(n), yaani hatua hukua sambamba na n. Usizidishe lupu kwa macho. Weka n = 16, andika hatua za kila raundi, jumlisha, halafu rudia kwa n = 32. Jumla ikiongezeka takriban maradufu tu, kama 15 kuwa 31, uko kwenye O(n).

Aliyeuliza pia kuhusu utafutaji wa kugawa nusu kwa nusu usiokoma: chini na juu ni mipaka ya sehemu unayotafuta; ukiwa na chini = 3 na juu = 4, katikati ni 3, na ukiandika chini = katikati hakuna kilichosogea. Andika katikati + 1. Na katikati yenyewe ihesabiwe chini + (juu - chini) / 2, kwa sababu chini + juu inaweza kupita 2147483647, ukomo wa namba kamili ya biti 32. Si jambo la nadharia: mwaka 2006 Joshua Bloch alieleza kwamba kosa hilohilo lilikuwa limekaa kwa miaka ndani ya maktaba ya Java, kwenye msimbo alioandika yeye mwenyewe.

Sina kompyuta, nina simu ya Android na bando la kuungaunga. Nifanyeje? Na muda nigawe vipi mtihanini? (Kigoma)

Sakinisha Termux, programu ya kuandika amri kwenye simu, kisha andika pkg install clang kupata kompaila ya C. Hiyo ni mara moja tu. Baada ya hapo unakompaili C bila intaneti. Endesha clang -Wall faili.c na usome kila onyo. Lakini simu iwe ya kuthibitisha: andika kwanza kwenye daftari, tabiri kitakachochapishwa, ndipo uichape. Siku ya bando, tovuti ya VisuAlgo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore inaonyesha miti na heshi hatua kwa hatua. Tabiri hatua inayofuata kabla ya kubonyeza, la sivyo unatazama katuni.

Kuhusu muda: saa 3 kwa alama 100 ni dakika 180. Toa 10 za kusoma maswali yote na 10 za kupitia mwishoni, zinabaki 160, yaani dakika 1.6 kwa alama. Swali la alama 15 lina dakika 24. Zikiisha acha nusu ukurasa mtupu, andika kwa maneno hatua ulizokusudia, na uhame. Hatua zilizoelezwa vizuri zinaweza kupata alama; ukurasa wa swali la mwisho ambao hukuufikia haupati chochote.