Uyoga kwenye mashina ya chai: tafuta kisiki kwanza

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina shamba dogo la chai hapa Mufindi. Ulianza kukauka mchai mmoja, sasa limekuwa duara, na majani yanakauka yakiwa bado yameshikilia matawini. Mvua zilipokolea, uyoga wa rangi ya asali uliota kwa vishada kwenye mashina mawili. Katikati ya duara kuna kisiki cha mgrivea, mti wa kivuli niliokata zamani, na nataka kukata mingine iliyobaki. Jirani anasema nipulizie mrututu, ile dawa ya shaba ya kuua kuvu. Je, uyoga ndio unaoua, au unakula kilichokwisha kufa? Unalika?

JIBU: Marahaba. Mrututu uache kwanza, chukua jembe na kisu. Chagua mchai wa ukingoni mwa duara, ulioanza kuwa wa njano lakini haujafa. Fukua udongo shingoni mwa mzizi, kisha kwangua gome. Ukikuta kati ya gome na mti kuna utando mweupe, laini, unaobanduka kama karatasi iliyolowa na kunukia uyoga mbichi, hiyo ni armilaria, kuvu anayeozesha mizizi. Mara nyingi gome la shingoni huwa pia limepasuka kwa urefu. Usipouona utando, usihukumu uyoga, maana ipo mingi inayokula miti iliyokwisha kufa tu.

Armilaria inaua. Uyoga unaouona ni tunda lake. Mwili wenyewe umo mizizini, ndiyo maana kupulizia au kung'oa vile vishada hakusaidii. Hujijenga kwenye kisiki, humo hula kwa miaka, kisha huvuka pale mizizi inapogusana. Kule Oregon, Marekani, kuna armilaria moja iliyoenea zaidi ya hekta 900 chini ya msitu, kwa hiyo duara lako usilidharau hata kidogo.

Ng'oa michai yote ya duara hilo, pamoja na safu moja ya michai inayoonekana mizima kuizunguka. Kazi kubwa ni kisiki: kichimbue pamoja na mizizi yote, hata ya unene wa kidole, na uichome hapohapo bila kuiburuta shambani. Chimba mtaro wa kina cha mita 1 hivi kuzunguka eneo, udongo uutupie ndani ya duara. Kisha panda majani ya Guatemala, yale ya malisho, au mahindi na maharage, kwa miaka 2 hivi. Mihogo usipande, nayo hushambuliwa.

Kuhusu kula, nakushauri usile. Hata kwao wanaoula huupika sana, na bado wapo unaowachafua tumbo.

Migrivea iliyobaki usiikate mibichi, nakuomba sana. Mtafiti R. Leach alilionyesha hili katika mashamba ya chai ya Nyasaland, Malawi ya leo, miaka ya 1930. Menya gome kuuzunguka mti wote, upana wa kiganja, hadi kwenye mti wenyewe, kisha uuache ufe umesimama. Chakula kinachotengenezwa na majani hakitashuka tena mizizini, mizizi itamaliza wanga wake, na kuvu wasio na madhara watawahi kuingia. Armilaria ikifika itakuta hakuna cha kula. Machipukizi yakitokea chini ya ulipomenya, yaondoe kila mara, la sivyo mizizi italishwa upya. Mti ukishakauka kabisa, ndipo ulete msumeno.