Nesi wa kulala, dada wa kazi au nyumba ya wazee? Hesabu masaa kwanza

SWALI: Habari za kazi sista. Mama yangu ana miaka 76, ana presha na sukari (anachoma insulini asubuhi na jioni), mwezi wa tatu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki vizuri. Ametoka hospitali na mpira wa mkojo, sahivi yuko kwangu Tabata. Mimi na mume wangu tunatoka saa 12 asubuhi tunarudi saa 1 usiku, jumamosi mimi narudi saa 8 mchana. Kaka yuko Muscat anasema tafuta nesi wa kulala atalipa yeye, mdogo wangu wa Mwanza anasema tumpeleke nyumba ya wazee kule Bukumbi, na mimi nina dada wa kazi wa miaka 19 ambaye anasema ataweza. Nichague lipi?

JIBU: Pole na kuuguza dada yangu. Nianze na la mdogo wako maana ndo rahisi. Nyumba za serikali kama Bukumbi kule Misungwi, au Nunge hapa Kigamboni, zimewekwa kwa wazee ambao hawana mtoto hawana ndugu hawana pa kushika, na mtu anafika pale kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ambaye swali lake la kwanza litakuwa watoto wake wako wapi. Nyie watoto mko watatu na mmoja yuko Oman analipa, sasa mtamjibu nini? Hilo tuliache.

Kwa haya mawili yaliyobaki, watu wengi wanaanza kwa kuuliza bei. Mimi nakwambia anza na masaa. Wiki ina masaa 168. Kwa ulivyonieleza, nyie wawili hampo nyumbani masaa 13 kwa siku tano, hayo 65, jumlisha 8 ya jumamosi inakuwa 73. Afu kuna usiku, kuanzia saa 4 mpaka saa 11 alfajiri, masaa 7 mara siku saba ni 49. Jumla 122. Sasa sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inasema masaa ya kawaida ya mfanyakazi ni 45 kwa wiki na lazima apate mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki. Kwa hiyo huyo nesi wa kulala ambaye kaka yako anamuona ni mtu mmoja kamaliza kila kitu, kihesabu ni karibu watu watatu! Ukimuweka mmoja atafanya, wiki ya kwanza vizuri kabisa, wiki ya tatu utamkuta amelala fofofo saa 8 usiku na mama amelowa mpaka shuka. Na simlaumu, binadamu analala.

Nimeshaingia nyumba moja, watoto wana uwezo, nesi analipwa vizuri, mzee kavaa shati safi amenyolewa ndevu, kila mgeni anasifia. Nikaomba tumgeuze nione mgongo. Juu ya makalio kidonda kinaingia kidole. Mchana alikuwa anageuzwa, usiku hakuna mtu. Ngozi ya mtu asiyejigeuza inaanza kuharibika ndani ya masaa machache tu, ndo maana tunasema kila masaa 2 ageuzwe, na hata akiwa na godoro la upepo bado ageuzwe.

Kitu cha pili ni kujua mama anahitaji mikono au anahitaji taaluma. Sisi tunaangalia vitu sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kitandani kwenda kwenye kiti, kujizuia haja, na kula. Chukua daftari siku tatu mfululizo uandike kila kimoja anafanya mwenyewe, anasaidiwa kidogo, au anafanyiwa chote, na saa ngapi, usiku pia. Nakuhakikishia utaona karibu yote ni mikono. Kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadilisha pampasi, hakuhitaji diploma, kunahitaji mtu aliyeelekezwa vizuri na mwenye roho. Taaluma inahitajika kwenye insulini, kwenye mpira wa mkojo na kwenye kuangalia presha inaendaje, na hivyo havichukui masaa 24, vinachukua nusu saa nusu saa. Ungeniambia ana mpira wa puani wa chakula, au oksijeni, au kidonda kikubwa, hapo ningesema haya tafuta nesi kabisa. Kwa mama yako kukaa na nesi siku nzima ni kumlipa mtu wa leseni akunje nguo.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Mchana mchukue mhudumu aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi, awe wa mama tu, na siku anayopumzika mpange kabisa nani anashika. Hata hivyo 73 yako inazidi ile 45 kwa mbali, kwa hiyo dada wako abaki na mapishi, usafi na kumpokea mhudumu masaa kadhaa. Usimrundikie vyote, miaka 19 anapika anafua anapokea watoto shule na bado amnyanyue mtu mzima, mgongo wake utakatika au ataondoka bila kuaga, ukikosa bahati vyote viwili. Nesi mwenye leseni aje mara moja au mbili kwa wiki: apime presha, aangalie daftari la sukari, akague ngozi kuanzia kisigino mpaka kisogo, apange dawa. Leseni yake iulizie Baraza la Uuguzi na Ukunga, siku hizi kila anayevaa nguo nyeupe anaitwa nesi. Na mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, huyu msimuache hata kama hela imepungua, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ndo mwili unarudisha vitu vingi kuliko wakati mwingine wowote, na hapo mmeshatumia sehemu. Mwambie awafundishe mhudumu na wewe yale mazoezi, yafanyike kila siku, isiwe mpaka yeye aje.

Usiku sasa. Hapa ndo hela ya kaka iende. Mtu wa usiku siku nne au tano, anayekuja saa 3 anaondoka asubuhi, na mchana analala kwake sio kwako, siku zilizobaki wewe na mume wako na ndugu mpokezane. Mdogo wako wa Mwanza akiwa na likizo ashuke Dar akae zamu mbili tatu, nadhani hatataja Bukumbi tena hahaha.

Kabla hujamkubali mtu yeyote, awe na vyeti au hana, mjaribu na mama mwenyewe ukiwa umesimama hapo. Mwambie amtoe kitandani amkalishe kwenye kiti. Akishika ule mkono wa kulia uliolegea akauvuta, mpe nauli yake mshukuruane, bega la mtu wa kiharusi halina misuli ya kulishikilia, linachomoka. Mpe uji amlishe. Anayejua atamkalisha wima kwanza, atatia kidogo kidogo, atasubiri ameze, na akimaliza hamlazi, anamuacha amekaa kama nusu saa hivi. Mama akikohoa kohoa kila akinywa maji mwambie daktari, hicho kinaweza kwenda kwenye mapafu. Afu muulize swali moja tu la mdomo: mama amekataa kula asubuhi, insulini unafanyaje? Akijibu nachoma tu kama kawaida, huyo hapana. Jibu sahihi ni anapima, anakupigia wewe au nesi kabla ya kuchoma. Kwa mzee, sukari kushuka inaua haraka kuliko kupanda, ikiwa chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) na yuko macho anameza apewe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji na apimwe tena baada ya dakika 15, ikiwa hajitambui asiwekewe chochote mdomoni, ni hospitali. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuongea ovyo, dada wako wa kazi naye ayajue hayo, na namba ya bodaboda au teksi ya jirani iwe ukutani.

Kuhusu mpira wa mkojo hukuuliza ila naona nikwambie. Wengi wanawekewa wodini wiki ya kwanza afu hakuna anayekumbuka kuutoa, mtu anarudi nao nyumbani miezi. Rudi muulize daktari kama bado unahitajika. Kama unabaki, ule wa kawaida unabadilishwa kila wiki nne hivi, wa silikoni unaweza kufika wiki 12, na mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, sio kuulaza naye kitandani. Ukitolewa mtanunua kiti chenye ndoo, mtampeleka kwa saa, akiamka, akila, kabla ya kulala, na kazi ya usiku itapanda kidogo, kwa hiyo msitoe kabla mtu wa usiku hajapatikana.

Lingine. Umesema maneno hayatoki, na kwa kiharusi kilicholegeza upande wa kulia hiyo ni kawaida kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia inapakana na ya maneno. Haina maana haelewi. Wakati mnajadili bei za wahudumu msijadili mbele yake kama hayupo. Na kama Kiswahili alijifunza ukubwani, jaribu kilugha chake, wapo wanaoanza kurudisha ile ya utotoni kabla. Nilikuwa na mgonjwa, bibi wa Kihaya, wiki tano kimya, siku ikaja shemeji yake toka Muleba kamsalimia kwa Kihaya akajibiwa salamu nzima. Wakipatikana wahudumu wawili wanaolingana, chukua anayejua lugha ya mama.

Waoneshe kwake wote wawili, muulize maswali ya ndiyo na hapana, akubane kidole kwa mkono wa kushoto. Yeye ndo atakayevuliwa nguo na huyo mtu kila asubuhi.